"Mbona" si "kwa nini": miezi 19 ya kuuguza, na imani iliyobaki

Mgane (mleta mada)

Salaam wakuu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naubandika ulivyo. Ni mrefu, mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa kansa. Nilimuuguza miezi 19. Kuna kuugua na kuna kuuguza, na aliyepitia hilo la pili anajua kwamba nalo hukondesha. Ratiba ya dawa za maumivu niliibandika mlangoni: saa tatu asubuhi, saa tisa mchana, saa tatu usiku, saa tisa usiku. Baada ya mazishi niliendelea kuamka saa tisa usiku kwa miezi mingi. Naamka, napapasa glasi ya maji gizani, ndipo nakumbuka.

Mimi ni Mkristo tangu utoto na bado ni Mkristo. Katika miezi ile nilipewa maelezo mengi ya kwa nini mke wangu anaumwa. Karibu yote niliyapata kwa watu wanaonipenda, waliokuja na Biblia mkononi. Na karibu yote yaliniumiza kuliko kama wangenyamaza.

Mmoja alisema kuna mlango tuliufungua, tuutafute tuufunge. Tukautafuta! Mgonjwa hata kukaa hawezi, tunakesha tukiorodhesha dhambi za ujana wetu na za babu zetu. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Saa tulizobakiwa nazo zilikuwa chache, na baadhi yake tulizitumia kumfanya mgonjwa ajione mkosaji.

Mwingine akaja na lile la kila siku, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Nilikuja kuutafuta mstari huo baadaye. Haupo. Kilichopo ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia majaribu ya kuanguka dhambini. Paulo huyo huyo, katika barua ya pili kwa watu wale wale, sura ya kwanza, anaandika kwamba huko Asia walilemewa "mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume anakiri mzigo ulimshinda, halafu sisi tunakwenda kumwambia mwenye kansa kwamba wake hauwezi kumshinda.

Na Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya." Uliletwa wodini kwenye kadi tatu tofauti. Wakuu, someni mstari wa 10 unaoutangulia. Hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na inawaambia miaka 70. Yaani wengi walioisikia ikisomwa walijua kabisa kwamba watazikwa kule kule ugenini. Wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji wa waliowateka. Mimi naiona ni ahadi nzito kuliko ile ya kwenye kadi. Ila si ahadi ya kupona wiki ijayo.

Nilipochoka kusikiliza nikaanza kusoma, nikaanza na Ayubu kwa kuwa ndiye aliyetajwa kila siku. "Uwe na subira kama Ayubu." Nauliza kwa heshima: mmekisoma chote? Kina sura 42. Mahubiri niliyoyasikia maishani yanachukua sura mbili za mwanzo, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa," kisha yanaruka hadi ya mwisho mali ziliporudi. Katikati pale kuna mtu anayeilaani siku aliyozaliwa, anayemwambia Mungu aache kumtazama walau ameze mate, anayedai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu. Na hoja zao si mbaya! Mungu ni wa haki, apandaye uovu huuvuna, tubu upone. Zibandike ukutani kanisani uone kama kuna atakayezing'oa. Kisha Mungu anatokea, na anawakasirikia watetezi wake. Anasema hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena Ayubu. Yule mlalamikaji.

Jambo jema walilofanya wale jamaa liko mwisho wa sura ya 2. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Balaa lilianza walipofungua midomo.

Na Ayubu hakuambiwa sababu. Sisi wasomaji tunajua kilichozungumzwa mbinguni. Yeye hakuambiwa hata mwisho. Anaulizwa tu alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na kama anajua mbuzi-mwitu huzaa lini. Kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, ilimtosha, kwa sababu aliyekuwa akimwita amekuja. "Bali sasa jicho langu linakuona."

Halafu kuna ile hesabu ya mwisho, ambayo sijasikia ikihubiriwa ipasavyo. Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Kila kitu maradufu. Watoto waliokufa walikuwa wavulana 7 na mabinti 3, na waliozaliwa baadaye ni wavulana 7 na mabinti 3. Wapo wanaosema ni kwa kuwa wale wa kwanza wako hai kwa Mungu, hivyo jumla ni maradufu. Labda. Mimi nahisi aliyeandika alijua kwamba mtoto hafidiwi kwa mtoto.

Sasa lile neno la kwenye kichwa cha uzi. Yesu msalabani, kwenye Biblia zetu, hakusema "kwa nini umeniacha." Waliotafsiri waliandika "mbona umeniacha?" kama ilivyo Zaburi ya 22. Lisikilizeni neno hilo. "Kwa nini hukuja?" naweza kukuuliza nikiwa najaza fomu ya mahudhurio. "Mbona hukuja?" maana yake nilikuwa nakungoja, nilijua utakuja, na bado u wangu. Mtoto akikuambia "baba, mbona hukuja siku yangu ya kuimba," ukaanza kumweleza habari za foleni na kikao, umemjibu swali ambalo hakukuuliza.

Miezi 19 nilikuwa natafuta jibu la kwa nini. Na Biblia, ukiisoma bila kadi, ina machache sana ya kusema kuhusu kwa nini. Imejaa mbona. Takriban theluthi ya Zaburi ni malalamiko. Ile ya 88 inaanza na kilio na neno la mwisho ni la giza, hakuna hata "lakini" ya kutuliza wasomaji, na bado waliiweka kwenye kitabu cha sifa.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni.

---

Binti_Sayuni

Pole sana kaka. Nimesoma nikiwa kazini, imebidi nitoke nje kidogo.

---

Mpita_Njia

Nimeweka kambi. Mleta mada usitukimbie.

---

Mwanahoja

Mkuu, pole kwanza, na naisema kwa dhati.

Ila niruhusu. Mimi si muumini, niliacha zamani. Naona umelikwepa swali kwa kutumia sarufi. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi watu wakiwa kanisani. Waliokwenda kuabudu wakafukiwa na mawe ya makanisa yao. Kisha bahari, kisha moto. Tangu siku hiyo watu wenye akili wamekuwa wakiuliza swali moja: ama Mungu hawezi kuzuia, ama hataki. Wewe unajibu kwamba swali liulizwe kwa neno tamu zaidi. Si ukubali tu kwamba mateso hayana maana, tuhangaike kuyapunguza?

---

Mgane

Mwanahoja, asante kwa kutonionea huruma ya uongo. Nakujibu kwa uwazi ule ule.

Swali lako halina jibu kwangu. Nimesoma majibu: uhuru wa mwanadamu, ulimwengu wenye kanuni zake, roho zinazokomazwa. Mengine yana akili ndani yake. Hakuna ambalo ningethubutu kulisoma kwa sauti kando ya kitanda, na jibu lisiloweza kusomwa pale mimi silibebi tena.

Ila kuna kitu hukukigusa. Julai 1943 kijana Mjerumani wa miaka 17, Jürgen Moltmann, alikuwa kwenye kikosi cha kutungulia ndege Hamburg ilipopigwa mabomu. Rafiki yake aliyesimama kando yake akauawa, yeye akabaki. Kwao hawakuwa watu wa dini. Usiku ule alimlilia Mungu kwa mara ya kwanza, na alichouliza ni Mungu yuko wapi. Baadaye akawa mfungwa wa vita, na kambini Uskoti akapewa Biblia na kasisi wa jeshi. Akasoma zaburi za malalamiko, akasoma Marko hadi kile kilio cha msalabani, na anasimulia kwamba alijiambia: huyu ananielewa. Akaja kuwa mwanateolojia mkubwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema kwamba Mungu wa Wakristo hakuyatazama mateso akiwa mbali, aliyaingia.

Hilo halikuelezi Lisbon. Najua. Lakini wewe unaniambia kuna Mungu aliyesimama nje ya kanisa linaloanguka na hataki kuzuia. Mimi Mungu ninayemwamini alikuwa chini ya mawe. Unaweza kusema hayupo, ni haki yako. Usiseme tu kwamba alikuwa akitazama.

Na habari ya kuhangaika kuyapunguza, hapo tuko pamoja kabisa.

---

Mwanahoja

Sijashawishika ila nimekuelewa. Hiyo ya chini ya mawe nitakaa nayo.

---

Shujaa_wa_Imani

Mleta mada naomba nikukosoe kwa upendo. Unavunja imani za watu walioko vitandani sasa hivi. Isaya 53:5 iko wazi: "kwa kupigwa kwake sisi tumepona." TUMEPONA, yaani imeshatendeka. Ugonjwa si mapenzi ya Mungu. Ukianza kulalamika umemfungulia adui. Kiri ushindi!

---

Mgane

Ndugu yangu, naamini Mungu huponya. Niliomba hivyo hadi dakika ya mwisho, na nikiugua mimi nitaomba tena.

Ila 2 Timotheo 4:20 Paulo anaandika: Trofimo nilimwacha Mileto, hawezi. Basi. Mtume ambaye leso zake ziliponya watu anamwacha mwenzake wa huduma mgonjwa na kuendelea na safari, na hasemi Trofimo alikosa imani. Timotheo ana tumbo linalomsumbua mara kwa mara. Paulo mwenyewe ana mwiba, ameomba mara tatu utoke, na jibu ni "Neema yangu yakutosha." Hao watatu ungewaambia nini?

Na kuhusu kulalamika kuvunja imani: mwandishi Mkristo C. S. Lewis mwaka 1940 alitoa kitabu kizima kueleza kwa nini kuna maumivu, kimepangwa vizuri. Mwaka 1960 mkewe akafa kwa kansa. Alichoandika safari hiyo kilitoka 1961 kwa jina la bandia, na humo analalamika kwamba ukimwendea Mungu ukiwa huna pengine pa kwenda, unakuta mlango unabamizwa usoni na makomeo yanasikika yakifungwa kwa ndani. Alikufa 1963 akiwa Mkristo. Kile cha pili ndicho kilichonisaidia, maana mtu hapigi kelele mlangoni kwenye nyumba anayoamini haina mtu.

---

Abuu_Sabri

Wakuu, mimi ni Muislamu, napita kwa adabu. Ayubu hata kwetu yupo, na subira yake tunaisema kila siku. Lakini Qurani inamsifu kwa subira ilhali imenukuu kilio chake kwa Mola wake, kwamba dhara imemgusa. Na Yakubu alipompoteza Yusufu alisema sikitiko lake analishitaki kwa Mwenyezi Mungu. Mashekhe wetu husema kumshitakia Mungu hakuvunji subira. Nimeona mleta mada amefika hapo hapo kwa njia yake. Mungu amrehemu mkeo.

---

Mgane

Shukrani sana sheikh wangu.

---

Nuru_Ndogo

Naomba nisitambulike. Nimesoma uzi wote na nina swali, msinicheke.

Mateso yangu si ugonjwa. Ni mume. Ananipiga, ni mwaka wa sita huu. Nimekwenda kwa viongozi wangu mara mbili, nikaambiwa nibebe msalaba wangu, Yesu naye alinyamaza kama kondoo. Nikaambiwa maumivu yangu yatamwokoa. Sasa mnaposema Mungu yuko ndani ya mateso, ina maana nibaki?

---

Katekista_Mstaafu

Binti yangu, hakuna wa kukucheka hapa. Na jibu ni hapana.

Nimefundisha katekisimu miaka zaidi ya 30, na kati ya dhambi zetu sisi walimu kubwa ni hiyo, kumtwika mtu msalaba ambao Kristo hakumpa. Msome Yesu vizuri. Akiwa mchanga, Herode alipotaka kumuua, walikimbia Misri usiku. Watu wa Nazareti walitaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, akapita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni alijificha akatoka. Aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine. Msalabani alikwenda saa yake ilipofika, kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha kwa kumwambia ni wajibu wa mke. Na Paulo, huyo aliyeandika kwamba tufurahi katika dhiki, Dameski aliteremshwa ukutani ndani ya kapu akatoroka.

Nikupe na mtakatifu mmoja, Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, akachanjwa mwili mzima hata makovu yakapita mia. Akafikishwa Italia. Mwanamke aliyemmiliki aliporudi kumchukua ili wasafiri naye kurudi Afrika, Bakhita alikataa. Kesi ikafika mbele ya sheria huko Venice, na Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba ni mtu huru. Januari 1890 akabatizwa. Ona mpangilio huo: kwanza alisema hapana, kisha akaenda kwenye kisima cha ubatizo. Alikuja kuwasamehe waliomteka, ndiyo, na watu hupenda kuhubiri hapo. Aliwasamehe akiwa ameshatoka mikononi mwao.

Ondoka salama. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwambie leo, na wanaohusika na sheria wajue. Ukishakuwa mahali pa usalama ndipo tutazungumza habari za msamaha na maana. Si kabla.

---

Binti_Sayuni

Dada Nuru, nimekutumia ujumbe pembeni. Tafadhali ufungue.

---

Mgane

Mzee wangu Katekista, ningejaribu kuandika hilo ningeliharibu. Nashukuru.

Niongeze moja kwa dada yangu. Nilipoandika juu ya kansa nilikuwa naandika juu ya kitu kisicho na mkono wa mtu, kisichoweza kuambiwa "acha." Ngumi inaweza kuambiwa acha. Yeyote atakayechukua maneno yangu ya juu akamfunga nayo mtu anayepigwa, ananisingizia.

---

Katekista_Mstaafu

Nikiwa bado hapa niseme la upande wetu Wakatoliki, maana najua wengine wanajiuliza. Sisi tuna desturi ya kuyaunganisha maumivu na ya Kristo, kutoka Wakolosai 1:24, Paulo anaposema anayatimiliza katika mwili wake yaliyopungua ya mateso ya Kristo kwa ajili ya kanisa. Hakuna kilichopungua msalabani kwa maana ya wokovu. Kilichobaki ni nafasi, ya mgonjwa asiyeweza tena kufanya lolote kuweza bado kumpa mtu kitu. Bibi mmoja aliyelala kitandani miaka 11 aliniambia, "mwalimu, leo maumivu ya mgongo nimeyatoa kwa ajili ya wanafunzi wako." Sikumfundisha. Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya hili Februari 1984, miaka mitatu hivi baada ya kupigwa risasi, na kinachonigusa ni kwamba anaimalizia kwa Msamaria Mwema, kana kwamba anasema msikae mnatafakari tu, kuna mtu njiani anavuja damu.

Ila angalizo: mgonjwa ndiye hutoa. Mimi mzima siruhusiwi kumtolea maumivu yake.

---

Mpita_Njia

Mleta mada, umetuambia usichokiamini. Kwenye kichwa cha uzi ulisema "imani iliyobaki." Ipi sasa? Na maana ya hayo yote uliipata wapi?

---

Mgane

Nilijua litakuja. Nimechelewa kujibu kwa sababu hiyo.

Kwanza nisichokubali. Sisemi mke wangu aliugua ili mimi nijifunze. Nimeshaambiwa, eti Mungu alitaka kunifundisha upole. Mwalimu gani huyo anayemuua mwanafunzi mmoja ili mwingine apate somo? Warumi 8:28 tunaukariri vibaya. Kwenye Biblia yetu umeandikwa "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao." Katika. Aliyepika chakula kwa mabaki hakuyapanga mabaki.

Katika kanisa zima alikuwepo mama mmoja mzee, mjane. Hakuwahi kutupa mstari hata mmoja. Alikuja kila Alhamisi, anachukua nguo na mashuka, anafua, anaanika, kisha anakaa kando ya kitanda anakanda miguu ya mgonjwa. Siku moja mke wangu akamuuliza, "Mama, mbona Mungu amenyamaza?" Nikasogea mlangoni nisikie atajibu nini. Akasema, "Hata mimi nimemuuliza, mwanangu." Akaendelea kukanda. Mke wangu alilia, halafu akalala hadi asubuhi, na dawa ya saa tisa ile sikumpa, nilimwacha alale.

Ndipo nikaielewa Yohana 11. Martha na Mariamu wote wawili wanamwambia Yesu sentensi ile ile moja: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Ni mbona mbili, hizo. Martha anapewa fundisho, "Mimi ndimi huo ufufuo." Mariamu hapewi neno. Yesu analia. Sentensi moja, majibu mawili, na anayejua yupi apewe lipi ni yeye. Wote waliotujia sisi walidhani sisi ni Martha. Na ona, anajua kabisa kwamba dakika chache baadaye Lazaro atatoka kaburini, na bado analia. Hakutumia mwisho mwema kufuta msiba wa sasa.

Sasa maana. Mwaka wa pili baada ya msiba, jamaa ninayefanya naye kazi alikuwa anamuuguza baba yake nyumbani. Anakuja ofisini macho mekundu, anasinzia kwenye kiti. Nikamuuliza dawa ni saa ngapi. Akasema ya mwisho saa tatu, halafu saa tisa usiku. Nikacheka, wakuu, nilicheka hadi akashangaa. Nikamwambia: lala. Mimi saa tisa huwa macho.

Nilikwenda kwake siku tatu kwa wiki, miezi minne. Nakaa sebuleni, saa tisa ikifika naingia, namwinua mzee, nampa dawa na maji, nageuza mto. Mzee hakujua jina langu hadi anakufa, alikuwa ananiita "wa usiku." Saa ile iliyokuwa imebaki tupu mkononi mwangu ikapata mtu wa kupewa.

Sisemi mke wangu alikufa ili mzee yule apate wa usiku. Bado nikipewa kuchagua nitamchagua mke wangu, bila kufikiri. Lakini niliingia kwenye chumba kile nikijua kipi kinauma na kipi hakisemwi, na nilikijua kwa kulipia. Paulo anaita kufariji kwa faraja ile ile uliyofarijiwa. Mimi sina jina lake. Najua tu kwamba saa tisa ya kwanza nikiwa pale, nikiwa nimeshika glasi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi sikuwa peke yangu chumbani, na simaanishi yule mzee.

Ndiyo imani iliyobaki. Ni ndogo kuliko niliyokuwa nayo.

---

Nesi_wa_Zamu

Nafanya kazi wodini, nathibitisha la usiku. Mchana wagonjwa huuliza "nina nini." Kuanzia saa nane usiku huuliza "mbona mimi." Mwanzoni nilikuwa nakimbilia faili. Siku hizi navuta kiti.

Na jambo moja, wengine wetu tunavaa msalaba shingoni tukidhani mgonjwa atatuuliza habari zake. Wanachoangalia ni kama tumekaa au tumesimama.

---

Katekista_Mstaafu

"Ndogo kuliko niliyokuwa nayo." Mwanangu, hata Tomaso hakuonyeshwa mwili mpya usio na alama. Alionyeshwa makovu. Bwana amefufuka na bado anayo.

---

Kijana_wa_Kwaya

Shikamooni wakubwa zangu. Rafiki yangu na mkewe wamefiwa na mtoto, alizaliwa juzi akaishi siku mbili. Kwaya wamenichagua niwakilishe, niende kesho nikaseme neno. Nimeandaa Warumi 8:28. Baada ya kusoma huu uzi nimebaki na karatasi tupu. Niseme nini?

---

Mgane

Marahaba. Mtoto alipewa jina?

---

Kijana_wa_Kwaya

Ndiyo, walimpa.

---

Mgane

Lijue kabla hujaingia. Ulitaje. Watu wataogopa kulitaja na wazazi wataona. Sema pole, pole haielezi kitu na ndiyo maana inafaa. Kisha angalia kama kuna vyombo vichafu. Kama wataomba sala, omba fupi. Karatasi iache nyumbani.

---

Kijana_wa_Kwaya

Nimerudi. Nililitaja jina, baba mtu akatoka nje. Nikadhani nimeharibu. Akarudi baadaye na picha ya mtoto kwenye simu, akasema tangu juzi hakuna aliyeomba kuiona. Mkewe akaniuliza, "Wewe unaimba kanisani, niambie mbona." Nikasema dada, sijui. Tukakaa. Nimeosha vyombo, vilikuwa vingi.

Wakati natoka ameniuliza kama Jumanne nitakuwa na nafasi.